Kwa Nini Komanda Rolly Hakurudi

Kisangani, Mangobo
14 Januari 2024

Kwa leki yangu, mdogo wangu Idrissa,

Assalam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mdogo wetu Amani, huko msituni kwenye machimbo yenu ya dhahabu nyuma ya Bafwasende. Sisi tunajikokota. Mvua imeangusha ukuta wa choo, na Juma, mtoto wa baba mdogo, amekuja kuuziba kwa matope na maneno mengi. Cherehani ya marehemu papa, baba yetu, inaendelea kunilisha: mchana sare za shule, jioni makanzu ya watu wanaotaka kupendeza Ijumaa.

Mama yupo. Macho yamebaki kama ulivyoyaacha, giza tupu, ila sasa moyo nao umechoka. Daktari amesema asishtuliwe hata kidogo. Anakula lituma, zile ndizi za kuponda, na kipande cha samaki, kisha ananilaumu kwamba nimesahau chumvi, wakati chumvi imejaa tele.

Sasa jambo lenyewe. Tonton Camille, mwenye ile sinema ya video ulipokuwa ukifanya kazi, amepata sehemu ya pili ya ule mchezo wako wa watu wa chombo cha angani. Hii nayo imekuja bila Kifaransa, ni lugha ileile ambayo hapa Mangobo hakuna mtu anayeijua. Alinitilia kwenye flashi kwa heshima ya mama. Umeme ukirudi namketisha mbele ya televisheni ndogo, namsimulia. Ananikatiza. "Weye unasema tu ile wanafanya," anasema. "Idrissa alikuwa anasema juu ya nini wanaifanya." Yaani kwa nini.

Ana haki. Wewe ulisimama mbele ya mabenchi yale na kipaza sauti, hujui neno hata moja la wale watu, ukawapa majina ya kwetu na roho za kwetu. Komanda ukamwita Rolly. Daktari ukamwita Chancelle. Fundi wa mashine ukamwita Dede, na ukamfanya mdogo wake Rolly, tumbo moja. Watu walilipa kiingilio kukusikiliza wewe, picha ilikuwa ya kukusindikiza. Mimi nikiona mtu amefungua mlango, nasema amefungua mlango, basi. Mama anapiga miayo.

Swali lake ni hili. Mwisho wa sehemu ya kwanza Dede alitoka nje kutengeneza bomba, chombo kikaondoka, yeye akabaki. Uliacha hapo, ukaenda zako Bafwasende. Kwa nini Rolly hakurudi kumchukua mdogo wake? Andika, nitamsomea.

Na la pili, ambalo kwake ndilo la kwanza: anataka neno la Amani. Tangu mwondoke unaandika "Amani anasalimu" na kuishia hapo. Mama anasema hataki kufa kabla hajasikia kitu kilichotoka kinywani mwa mwanawe wa mwisho. Mpe kalamu huyo mvivu.

Dada yako,
Sikujua


Machimboni
20 Februari 2024

Yaya Sikujua,

Wa alaykum salam, dada yangu mkubwa, na salamu nyingi kwa mama, kwa Juma mjenzi mkuu wa vyoo, na kwa wote wanaoniuliza. Barua yako ilifika ikiwa imelowa, ikanuka mafuta ya lori, lakini niliisoma yote. Huku mvua hainyamazi. Tunakula mihogo na nyama ya msituni ikipatikana, na siku ya kupata wali tunaoga kwanza kama watu wanaokwenda harusini.

Mwambie mama hivi, na umsomee polepole, si kwa ile sauti yako ya kuita wateja.

Chombo kile ni kikubwa kuliko mitaa yote ya Mangobo. Kikiwa kimekwenda, hakigeuzwi kama toleka, ile baiskeli ya abiria, kwamba mwendeshaji anaweka mguu chini na kuzunguka. Kugeuza kunakula mafuta yote. Rolly aliketi kwenye kiti chake, akatazama ile taa nyekundu ya mafuta, akaona akirudi hawafiki popote. Moyo ulitaka. Mafuta yalikataa. Alilia, lakini alilia upande wa dirishani ili Chancelle asimwone. Ndiyo sababu.

Halafu umweleze kwamba yule kiongozi mwenye nywele nyeupe anayeingia mwishoni mwa sehemu ya kwanza si mtu mwema. Namjua kwa jinsi anavyovaa.

Amani anasalimu. Wakati naandika yuko shimoni. Unajua yeye na kalamu hawapatani.

Mdogo wako,
Idrissa


Kisangani, Mangobo
11 Aprili 2024

Leki Idrissa,

Idi mubarak, ingawa wakati utakapopokea hii itakuwa imeshakuwa habari ya zamani. Tulisali, tulikula, tulitembelewa na watu wengi kuliko sahani. Mama alifunga siku chache, nikamkataza, akakasirika, akafunga nyingine kwa siri. Tangu hapo amepungua. Ukimshika mkono unahisi mfupa kwanza.

Nilimsomea sababu yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa pua. "Mafuta?" akasema. "Mutu hapana kuacha ndugu yake juu ya mafuta. Idrissa iko mbali na ile filme. Amesahau Rolly." Mimi nilikutetea kidogo, halafu nikaona sina cha kutetea. Kwani ni Rolly yuleyule ambaye ulituambia aliuza pete ya mama yake kumlipia Dede shule ya ufundi. Ulipiga chumvi siku ile mpaka mama Emilie, jirani, akalia na kuondoka kwenye benchi. Leo mtu huyohuyo anatazama taa ya mafuta?

Nakuuliza jambo, na usinizungushe. Dereva wa Camille alikuona Bafwasende mjini mwezi wa tatu, umesimama sokoni, na mtandao upo pale. Kwa nini hukupiga simu? Mtu aliyeishi kwa sauti yake, aliyekuwa akisimulia vita ya angani mpaka watu wanainama chini ya mabenchi, sasa anachagua kuandika? Mama alikuwa ameketi hapa na simu mapajani. Angekusikia, kisha angesema mpe Amani.

Nilimshonea Amani kanzu ya Idi. Mama aliipapasa kwenye mabega, akasema nimeiongeza, kijana hana mabega hayo. Nimemwambia shimo linajenga mabega. Imo ndani ya sanduku.

Njooni nyumbani, Idrissa. Sikuulizi mmepata nini. Njooni hata mikono mitupu. Sina mtu wa kunishikia mama upande wa pili ninapomwogesha.

Na tafadhali, mpe kalamu.

Sikujua


Machimboni
2 Juni 2024

Yaya,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi nilipata homa, imepita. Mvua imepungua na barabara inasemekana imekauka kidogo, ndiyo maana natumaini hii itawahi.

Mama ana haki, sababu ile ya mafuta ilikuwa mbovu. Niliisema haraka. Sikiliza sasa.

Ndani ya chombo kulikuwa na watu wengine. Wazee, wanawake, watoto wamelala kwenye yale masanduku ya kioo. Rolly akirudi kwa ajili ya mmoja, anawatia wote hatarini, kwa sababu pale Dede alipobaki ukuta wa chombo ulikuwa unabomoka, na kila anayesogea anabomoa zaidi. Watu walimshika mikono. Walimwambia komanda, acha. Na kwenye redio alimsikia Dede akiita, mara ya kwanza vizuri, mara ya pili kidogo. Baadaye hakumsikia. Rolly alikaa palepale. Alikuwa tayari kurudi, yaya, mwambie mama hivyo, ila mtu hawezi kurudi pale ambapo hapapo tena.

Halafu niulize na mimi. Kwa nini kila siku ni Rolly, Rolly, alifanya nini Rolly, hakufanya nini? Tangu mlipoanza kuniandikia hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo Rolly anakula vipi, analala vipi, anaketi vipi kwenye kiti kilekile na watu wanamwita komanda. Nyinyi mko kwenye benchi. Kutoka kwenye benchi kila mtu ni jasiri.

Nisamehe, ni hii homa.

Kuhusu simu, betri ilikuwa imekufa. Amani hapendi kuandika, unamjua tangu utotoni. Anasalimu.

Idrissa


Kisangani, Mangobo
30 Juni 2024

Idrissa,

Leo sina salamu ndefu. Mama anapumua, nyumba imesimama.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kukuandikia barua ya kukucheka. Aimée, binti wa Camille, alipata mchezo wako umetiwa Kifaransa, sehemu zote mbili. Nikautazama peke yangu kwenye simu yake, mama amelala. Kumbe Rolly na Dede si ndugu. Hawakuwahi kuwa ndugu. Fundi ni mtu aliyeajiriwa safari ileile, komanda hata jina lake analisahau mara moja. Ile hotuba ndefu uliyompa Rolly mlangoni, iliyomtoa mama Emilie machozi, pale mtu yule anasoma namba za kufungia mlango, namba tu. Na chombo kinapoondoka hasemi kitu. Nilirudisha nyuma nikatazama tena. Hakuna sababu. Mchezo wenyewe hautoi sababu, wanaendelea na mambo mengine. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, nikasema nitakuandikia: mwongo mkubwa wewe, ndugu zetu wa angani umewazaa mwenyewe.

Barua ile sikuimaliza. Alhamisi nilikwenda soko kuu kununua uzi. Mwanamke mmoja akanishika mkono. Félicité. Anasema aliwapikia chakula kambini kwenu mpaka mwezi wa kumi na mbili, na alinijua kwa sura, kwamba nafanana na nyinyi. Akaniambia pole. Akaniambia pole ya Amani, kwamba kambi nzima ililia, kwamba alikuwa kijana mwenye adabu, alikuwa akirudisha sahani yake ameshaiosha. Aliongea kama mtu anayeongea na familia iliyokwisha kumaliza matanga. Alipoona uso wangu akaacha mkono, akasema, "Yesu. Kumbe hamukujua?"

Nilinunua uzi. Sijui kwa nini, lakini niliununua, nikauchagua na rangi.

Usiniandikie habari za Rolly. Niambie mdogo wangu amekufa lini, amekufaje, na yuko wapi. Mama sijamwambia.

Sikujua


Machimboni
25 Julai 2024

Yaya Sikujua,

Sina salamu ya kukupa inayofaa.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka jana. Wenzetu wa shimo la jirani walichimba kwa chini mpaka wakakaribia letu, na maji yalikuwa yamejaa upande wao. Amani alikuwa chini. Mimi nilikuwa juu nimeshika kamba ya kuvutia mifuko. Maji yalipasua. Aliita jina langu, vizuri kabisa, kama anavyoniita nyumbani akitaka nimfungulie mlango. Nikavuta. Kamba ilikuja nyepesi. Nilitaka kushuka, wakanishika, wakanilalia juu. Kingo zilikuwa zinaanguka bado. Kesho yake mkubwa wa shimo akaamuru lifukiwe lisije likachukua wengine. Wakalifukia yeye akiwa ndani. Hakuoshwa, hakuvikwa sanda. Tulimsalia mimi na mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyepita, wawili tu, tumesimama kwenye matope.

Umeniuliza lini, vipi na wapi. Hukuniuliza kwa nini nilinyamaza, lakini najua unauliza. Nimekuwa nikijiambia ni kwa ajili ya moyo wa mama. Si kweli, ningeweza kukuambia wewe peke yako. Kila sababu niliyompa Rolly nilikuwa najipima nayo mwenyewe, kama papa alivyokuwa akimpima mteja kanzu. Mafuta, nikajipima. Watu waliomshika mikono, nikajipima. Hakuna hata moja iliyonikaa. Nimewapa sababu watu wa filamu usiku na mchana miaka minane, mwovu nilimpa, farasi wa chuma nilimpa, na yangu sina. Simu sikupiga kwa sababu mama angesema mpe Amani. Hilo moja nalijua.

Nilikaa huku kwa sababu yeye yuko huku. Nilikuwa nikienda kuketi pale juu. Sasa dhahabu imekwisha, watu wanahama, na msitu umeshaanza kupafunika. Mwezi ujao hata mimi sitapaona vizuri.

Narudi nyumbani, yaya. Mwisho wa mwezi wa tisa nitatoka na lori la mwisho. Nitamshika mama upande wa pili. Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, wewe usibebe hilo. Niwekee mahali pa kulala, popote.

Idrissa


Kisangani, Mangobo
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Idrissa,

Barua yako imefika juzi, kwa kuwa barabara imekatika tena. Hii nampa mwendesha pikipiki, nimemsihi akukute kabla hujapanda lori. Nimelia, nimemaliza, nitalia tena. Nilikwenda msikitini nikamwomba shehe amsalie Amani ghaibu bila kutangaza jina. Alinielewa. Kwa hiyo sasa tumemsalia zaidi ya watu wawili.

Sikuulizi sababu. Nimetazama mtu akiondoka bila kusema neno na chombo kikaendelea, na nilikuwa nacheka. Sitakuuliza tena maisha yangu yote.

Lakini nisikilize. Mwisho wa mwezi wa nane mama alianguka. Alilala akiwa anaita Amani, kutwa, kwa sauti ya chinichini, mpaka Juma alitoka nje kwa kushindwa kuvumilia. Daktari alikuja, akanivuta pembeni, akasema tumtayarishe. Barua yako ya mwezi wa sita ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikaifungua. Nikajifanya nasoma. Nikasema, "Mama, Amani ameandika." Nikatunga. Nilisema anamwomba radhi kwa uvivu wake, kwamba mkono umemwota sugu hata kalamu inateleza. Nilisema awekewe ile kanzu, ameongezeka mabega kweli. Nilisema wewe unapika vibaya, na kwamba mmeapiana hakuna atakayerudi bila mwenzake, mtaingia mlango huu pamoja.

Alicheka, Idrissa. Akasema, "Ile ni yeye. Ile ni maneno yake kabisa." Akaomba uji. Kesho yake akaketi. Anainuka sasa kwa kushika ukuta, anawaambia majirani wanawe wanakuja pamoja. Kila pikipiki ikisimama barabarani anageuza sikio. Jumatano Juma alibisha hodi, unajua sauti yake na yako zilivyo moja. Mama alinyanyuka kitini bila kushikwa, akauliza, "Muko wawili?" Juma akasema ni mimi, mama, Juma. Akaketi, akarudia uji wake. Ingekuwa ni wewe ningemwambia nini?

Nilikusihi urudi, kwa barua na kwa machozi, na nafasi yako ya kulala ipo, shuka nimeshafua. Usije. Sijui utakwenda wapi. Nenda Banalia, kuna watu wa mama pale, au popote watu wanapohitaji mikono. Ukikanyaga mlango huu peke yako, umemwambia, hata kabla hujafungua mdomo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwua kwa maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nataka kumpa siku moja tu. Sasa hakuna njia ya kuwarudisha nyinyi wote ila pamoja.

Nitaendelea kumsimulia, hata wewe ukiacha kuandika. Nimeanza kujua inavyofanywa, mtu anafunga macho tu na kuendelea.

Mama yuko hapa pembeni yangu, anasikia kalamu inavyokwaruza. Anasema niwasalimu wote wawili.

Sikujua